Hadithi za kutisha: msichape elfu kabla ya kuuza mia

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na waandishi wa Nyanda za Juu Kusini wanaotunga hadithi fupi za kutisha na ambao wameamua kuzichapa wenyewe, kwa fedha zao. Sisi tunahariri na kuchapa vitabu hapa Mbeya, na kuna jambo linatuuma. Mwandishi anakopa, anachapa nakala 1,000 kwa mkupuo, anafanya uzinduzi wa kifahari, kisha maboksi yanaishia uvunguni mwa kitanda. Masika yakipita, hasa Tukuyu, karatasi imeshavuta unyevu na kurasa zimejikunja. Halafu tunaambiwa Watanzania hawasomi. Hatukubali. Hadithi ya kutisha husomwa upesi kuliko nyingine zote, na aliyeimaliza humsimulia jirani. Vitabu hivi vinauawa na namna vinavyotengenezwa na namna vinavyouzwa.

Tuanze na muswada. Hadithi kumi za maneno 3,000 kila moja zinatosha. Jumla ni maneno 30,000. Zikizidi hapo bei inapanda na msomaji anachoka. Ya kwanza iwe ile inayomkamata msomaji ndani ya aya mbili, na iliyo bora kuliko zote ikae mwisho. Katikati changanya: moja ya mzimu, moja ya mtu mwenye akili timamu anayetenda uovu, moja ambayo hafi mtu kabisa. Hadithi tatu mfululizo zikiishia kwa kifo, ya nne msomaji anakuwa ameshajua kinachokuja, na hofu imekwisha. Mandhari hatuna haja ya kuazima. Tuna Kitonga usiku wakati lori limekufa kwenye kona, tuna ukungu wa alfajiri pale Mlima Nyoka, tuna Ziwa Ngosi lililotulia ndani ya kasoko lake, tuna mashamba ya chai ya Mufindi jua linapozama.

Ila kuna mpaka. Watoto waliouawa Njombe mwanzoni mwa mwaka 2019 wana wazazi, na wazazi hao wanasoma. Tukio la namna hiyo lisichukuliwe likabadilishwa jina la kijiji tu likaitwa hadithi. Na hadithi inayomfanya mtu mwenye ualbino kuwa njia ya utajiri, hata kama mwishoni muuaji anakamatwa, inaendeleza uongo ule ule uliowatoa watu roho. Mhariri yeyote anayejali kazi yake ataikataa, na hatuoni sababu ya mwandishi anayejichapia kuwa na kipimo cha chini ya hapo.

Kuhusu kompyuta tutasema machache. Weka lugha ya muswada kwenye programu iwe Kiswahili na uzime kile kipengele cha kusahihisha maneno chenyewe, la sivyo kitageuza maneno yako kuwa ya Kiingereza bila wewe kuona. Zima pia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari, kwa sababu programu nyingi bado hukata kwa kanuni za Kiingereza na kuacha silabi zimevunjika. Angalia alama ya ng': mara nyingi kitabu kimoja kinakuwa nazo za aina mbili, iliyonyooka na iliyopinda. Kisha chapa muswada wote kwenye karatasi na mtu mwingine akusomee kwa sauti huku wewe ukifuatisha kwa macho. Makosa ambayo kioo kimeyaficha yatajitokeza hapo.

Sasa hesabu ya kurasa, ambayo ndiyo wengi hawaijui. Kwa ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, herufi za pointi 11 na nafasi ya mistari pointi 14, ukurasa mmoja hubeba takriban maneno 270. Maneno 30,000 yanakula kurasa kama 111. Ongeza ukurasa wa jina, wa hakimiliki, yaliyomo, na nafasi zinazobaki wazi kila hadithi inapoishia, unafika 128. Namba hiyo ni nzuri kwa sababu mashine kubwa huchapa karatasi moja yenye kurasa 16, nane kila upande, na 128 ni karatasi nane kamili. Ukimpelekea mchapaji kurasa 130, zile mbili za ziada zitadai karatasi na pleti zake, yaani mabamba ya kuchapia. Punguza maneno kidogo, au sogeza mistari, ubaki kwenye 128.

Kila karatasi inahitaji pleti mbili, mbele na nyuma. Karatasi nane ni pleti 16, jalada la rangi lina pleti nne, moja kwa kila rangi ya wino, jumla 20. Gharama ya pleti ni ile ile uchape nakala 50 au 5,000, na ndiyo maana mchapaji wa mashine kubwa anakushawishi uchukue elfu moja: kwenye makaratasi bei ya nakala moja inaonekana imeshuka. Mashine ya kidijitali haina pleti. Bei ya nakala moja ni kubwa, lakini unaweza kuchapa 100 ukasimama.

Shauri letu ni hilo. Chapa 100 kwanza. Makosa ambayo hayakosi kubaki wasomaji watakuonyesha, nawe utayarekebisha kabla ya kwenda kwenye mashine kubwa. Nakala mia zikiisha ndani ya miezi michache, nenda kwenye 500. Kwa 500 utahitaji karatasi kubwa 4,000, yaani rimu nane, na mchapaji ataongeza kidogo za kuharibika wakati wa kuweka mashine sawa. Ukijua hesabu hiyo, hakuna atakayekuandikia rimu kumi na tano.

Anayechapa kwenye steshenari ya mtaani aangalie mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo wa kitabu. A4 nyingi za rimu zina nyuzi zinazofuata urefu wake, hivyo ukiikata katikati kupata A5, nyuzi zinalala kinyume na mgongo. Matokeo yake kitabu hakikai wazi mezani, kurasa zinafanya mawimbi karibu na gundi, na zikivutwa zinang'oka. Kupima ni rahisi: chana karatasi kwa wima, kisha kwa mlalo. Inakochanika moja kwa moja ndiko nyuzi zinakoelekea. Kwa kurasa za ndani tumia karatasi ya bondi ya gramu 80. Ya 70 inaonyesha maandishi ya upande wa pili. Gundi ya moto nayo huwa ngumu na dhaifu kwenye baridi, kwa hiyo Juni na Julai usikubali vitabu vibebwe kwenda Makambako au Njombe muda mfupi baada ya kubandikwa. Viache vilale kwa siku nzima, vikiwa vimekandamizwa.

Jalada ndilo linalotutesa zaidi, kwa sababu kila mwandishi wa hadithi za kutisha anataka jeusi. Jeusi ni rangi ngumu kuliko zote. Picha inayoonekana na giza zuri kwenye simu, ikichapwa, inakuwa bonge la wino lisilo na umbo, maana kioo cha simu kinatoa mwanga na karatasi haitoi. Ongeza mwangaza wa picha kabla ya kuipeleka, kisha omba nakala moja ya majaribio iliyochapwa. Rangi nne zikirundikwa zote kwa wingi, wino haukauki. Vitabu vinachafuana mgongoni ndani ya boksi. Mwambie mtengenezaji wa jalada kwamba jumla ya rangi nne, kila moja mwisho wake ukiwa asilimia 100, isivuke asilimia 300. Herufi nyeupe nyembamba juu ya weusi zinazibwa na wino, hasa kwenye maelezo ya nyuma. Tumia nene, zisishuke pointi 10. Weusi uvuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiyumba kidogo tu utaona uzi mweupe pembeni. Na pale jalada linapokunjwa, wino mweusi hupasuka na kuacha mstari mweupe: alama ya kukunjia itiwe kwa mashine kwanza, na jalada liwekewe leminesheni, ule utando mwembamba wa plastiki.

Vipimo vya jalada havikisiwi. Kurasa 128 ni karatasi 64. Kwa bondi ya gramu 80 kila moja ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo mgongo ni milimita 6.4. Upana wote ni 148 na 6.4 na 148, yaani 302.4, ongeza 3 kila upande upate 308.4. Urefu ni 216. Picha ya upande wa mbele isiwe chini ya pikseli 1,819 kwa 2,551. Usiitume kwa WhatsApp kama picha, kwa sababu inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti. Picha ya kuokota mtandaoni usiitumie kabisa. Ina mwenyewe.

ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni tarakimu 13, na kitabu cha karatasi na kile cha kielektroniki kila kimoja kinahitaji yake. Msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani, uwekwe ndani ya kisanduku cheupe chenye nafasi pembeni. Ukiuweka moja kwa moja juu ya jalada jeusi mashine haitausoma. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, kwa Sheria namba 7 ya mwaka 1999, lakini sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili uwe na ushahidi siku utakapoihitaji. Nakala za kuhifadhiwa maktaba usizikwepe.

Bei. Tuchukue mfano, nawe utaweka namba za mchapaji wako. Nakala 500 kwa shilingi 4,000 ni 2,000,000, uhariri na jalada 600,000, jumla 2,600,000. Ukiuza 10,000 dukani, muuzaji akachukua asilimia 30, usafiri ukala 500, unabaki na 6,500. Utarudisha mtaji ukishauza nakala 400, na hapo bado hujagawa za bure. Ukimuuzia msomaji mkononi kwa mkono, mtaji unarudi kwenye nakala 260. Kwa hiyo usikae ukisubiri maduka.

Maduka ya vitabu na steshenari za Mbeya na Iringa yatakupokea kwa mali kauli. Ni utaratibu mzuri ukiwa na daftari. Acha nakala tano tu kila duka, andikisha hati yenye tarehe, idadi, bei na sahihi ya mwenye duka, na upite kila mwisho wa mwezi. Ukiacha hamsini bila hati, baada ya mwaka utaonyeshwa kumi zilizofubaa kwa jua la dirishani na utaambiwa nyingine hazikumbukwi. Boksi la nakala 50 lina uzito wa takriban kilo 9. Basi litalifikisha Mafinga au Songea bila taabu. Lifunge kwa nailoni kwanza.

Wasomaji wa hadithi hizi ni vijana, na vyuo tunavyo: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) hapa Mbeya, Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa kule Iringa. Mwanafunzi mmoja anayelipwa shilingi 1,000 kwa kila nakala anauza kuliko bango. Shule za msingi usipeleke nakala, na kwenye jalada la nyuma andika wazi umri unaofaa. Toa hadithi moja bure, nzima, iwe sauti inayoweza kutumwa kwenye makundi ya simu, mwishoni ikitajwa Lipa Namba na mahali kitabu kinapopatikana. Kipande cha hadithi hakimshiki mtu. Hadithi nzima inamfanya atake ya pili. Ukiuza PDF, weka jina na namba ya mnunuzi kila ukurasa. Haizuii wizi wote, ila mtu husita kusambaza kitu chenye jina lake.

Uzinduzi ukumbini tunausihi upunguzwe. Ukumbi, mgeni rasmi, fulana na chakula vinamaliza fedha ya kuchapa nakala mia nyingine. Mgeni rasmi ananunua nakala moja kwa bei ya heshima, wageni wanapiga makofi, wanakula, wanaondoka. Meza moja ya pamoja na wajasiriamali wengine kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, itakukutanisha na watu wengi zaidi.

Tunalo ombi kwako pia, Mhariri. Magazeti yetu yalikuwa na mazoea ya kuchapa hadithi, na wasomaji waliyanunua kwa ajili hiyo. Tunaomba safu ya hadithi fupi mara moja kwa wiki, maneno 1,200 hadi 1,500, kutoka kwa waandishi wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma na Rukwa. Gazeti lichukue haki ya kuchapa mara moja tu, haki nyingine zibaki kwa mwandishi, na chini ya hadithi pawe na mstari mmoja wa jina la kitabu, bei na namba ya kukiagizia. Kazi ya kuchuja na kuhariri hadithi hizo tuko tayari kuifanya sisi, bila malipo.

Wahariri na wachapaji wa vitabu,
Mwanjelwa, Mbeya