Barua kwa Salehe kuhusu udaktari wa heshima

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Rafiki yangu Salehe,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wamefungua shule, na shemeji yako anakusalimu sana wewe na nyumba yako yote. Barua yako nimeipata, pamoja na nakala ya ule mwaliko wa kutunukiwa udaktari wa heshima. Nimeisoma, nikairudia, halafu nikakaa nao kidogo kabla ya kushika kalamu.

Nianze na jibu kuhusu zile ada wanazokudai, ili usisome yanayofuata kwa wasiwasi: usilipe. Usitume hata shilingi, usitume nakala ya kitambulisho chako, wala usiwape picha ya kupachika kwenye tangazo lao. Mengine yote humu ni sababu. Nakuomba uyasome kwa utulivu, maana najua mwaliko ule ulikufurahisha, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Mtu amewafundisha watoto wa wavuvi jioni baada ya jioni, bila malipo, kwa miaka ambayo hata wazazi wao wamesahau kuihesabu; siku moja anaambiwa kazi yake imeonekana. Asifurahi kwa nini?

Unajua kazi yangu. Ofisi yetu ndiyo inayopokea tasnifu za shahada ya uzamivu, kwa hiyo njia ya udaktari wa kusomea naiona kila wiki. Mtu anaandika pendekezo la utafiti, linakataliwa, analiandika upya. Anapewa wasimamizi. Anakwenda uwandani, na pesa inaisha kabla ya data. Akirudi anaandika sura ya kwanza, msimamizi anaijaza wino mwekundu. Tasnifu ikikamilika inapelekwa kwa watahini, na mmoja wao lazima atoke nje ya chuo, mtu asiyemjua wala kumwonea haya. Halafu anaitwa kuitetea mbele ya jopo. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakitoka chumba kile shati limeloa jasho. Baada ya hapo kuna masahihisho, kisha Seneti, ndipo siku ya mahafali Mkuu wa Chuo anatamka maneno ya kumtunuku.

Wangari Maathai alipita njia hiyo. Alizaliwa Nyeri mwaka 1940, akapata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964 na ya pili Pittsburgh mwaka 1966, kisha akaenda Ujerumani kuendeleza utafiti, na mwaka 1971 akapata udaktari wake Nairobi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuufikia. Vyuo vya nje vilikuja kumtunuku digrii za heshima baadaye, na Tuzo ya Nobel ya Amani ikamfikia mwaka 2004, lakini anapoitwa Profesa Maathai tunataja jasho lake la hadubini na maabara, si zawadi ya mtu.

Udaktari wa heshima ni kitu kingine, na sikuambii haufai. Ni namna ya chuo kusema kwamba kuna elimu na utumishi usiopitia madarasani mwake, na chuo kinauinamia. Ila una utaratibu wake. Jina linapendekezwa na watu wa chuo, linapelekwa kwenye kamati, linajadiliwa kwenye Seneti na Baraza. Anayetunukiwa haombi. Wala halipi: si ada ya maandalizi, si kodi ya joho, si mchango wa chakula cha usiku hotelini. Chuo ndicho kinachomgharamia mgeni wake. Mwaliko uliotumiwa wewe una orodha ya malipo ndefu kuliko maelezo ya kazi yako. Hapo tu ungeniuliza ningekwambia funga bahasha.

Nimetafuta pia jina la hicho chuo kwenye orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nisilione. Hakina kampasi ninayoweza kuikuta, hakina wanafunzi, hakina mhadhiri hata mmoja anayetajwa kwa somo analofundisha. Kina ukumbi wa hoteli na tarehe. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na heshima hii, rafiki yangu, imetembea hadi Tanga kukutafuta mlangoni.

Sitaki udhani kwamba vyuo vya kweli havina tamaa. Digrii ya heshima ya zamani kabisa inayojulikana Oxford alipewa Lionel Woodville, mwishoni mwa miaka ya 1470. Alikuwa shemeji wa Mfalme Edward wa Nne, na chuo kilikuwa kinatafuta upendeleo kwa mtu aliyekuwa karibu na kiti cha enzi. Kwa hiyo tangu mwanzo heshima hii imekuwa na jicho moja kwa anayestahili na jicho jingine kwa mwenye nguvu. Kinachookoa chuo ni watu waliomo ndani yake, wenye haki ya kukataa. Mwaka 1985 hao hao wa Oxford walipiga kura juu ya suala la kumpa Margaret Thatcher digrii ya heshima. Alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, tena amesoma pale pale. Wahadhiri walikasirishwa na jinsi serikali yake ilivyokata fedha za elimu, wakamkatalia kwa kura 738 dhidi ya 319. Fikiria hilo, Salehe. Heshima inayoweza kukataliwa kwa Waziri Mkuu ndiyo heshima yenye uzito akipewa mwingine. Hawa waliokuandikia wewe, nani wamewahi kumkatalia akiwa na pesa mkononi?

Lipo jambo lingine linalonishika zaidi. Kilichotunukiwa kinaweza kunyang'anywa. Robert Mugabe alipewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1984, wakati dunia inamsifu. Mwaka 2007 chuo kikaufuta, kwa sababu ya yale yaliyokuwa yakitendeka Zimbabwe. Chuo Kikuu cha Massachusetts nacho kikafuta ule kilichompa, mwaka uliofuata. Lakini Mugabe huyo huyo, alipokuwa kifungoni chini ya serikali ya walowezi, alisoma kwa posta na Chuo Kikuu cha London na kupata digrii zake kwa mtihani. Hizo hakuna aliyezigusa. Mtu unaweza kumchukia, ukamlaani, na bado huwezi kumfutia mtihani aliofanya.

Ukitaka kuona mwisho wa heshima isiyo na wa kuikataa, angalia Uganda ya Idi Amin. Alijiita Rais wa Maisha, Jemadari Mkuu, Alhaji, Daktari, Mshindi wa Dola ya Kiingereza, na msururu wa herufi nyuma ya jina. Kila jina alilojiongezea, aliyekuwepo kusema hapana alikuwa ameuawa au amekimbia. Kampala ilipoanguka Aprili 1979, majina yote yale hayakumsaidia chochote.

Sasa niingie kwenye lile uliloandika mwishoni, ambalo naona ndilo lililokutia hamu. Umesema ukiwa na "Dkt." mbele ya jina, halmashauri itakusikiliza, na wafadhili watafungua barua zako. Nakuelewa kabisa. Umekaa kwenye mabenchi ya ofisi zile ukipitwa na watu wenye suti. Ndiyo maana natumia muda kukujibu.

Kwanza, desturi ya vyuo vingi duniani ni kwamba aliyepewa udaktari wa heshima hajiiti Daktari kwa sababu hiyo. Nigeria walilisema wazi: mwaka 2012 makamu wakuu wa vyuo vikuu vyao walikutana Keffi, wakakubaliana kwamba mwenye udaktari wa heshima asiutangulize kwenye jina lake, na kwamba viongozi walio madarakani wasitunukiwe. Huku kwetu desturi imekwenda upande mwingine. Tarehe 30 Novemba 2022, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Rais Samia Suluhu Hassan udaktari wa heshima, kwa mkono wa Mkuu wa Chuo, Jakaya Kikwete, na tangu hapo tunasoma "Dkt. Samia" magazetini. Pale kulikuwa na chuo halali, Seneti na Baraza, na kila mtu anajua nani alitoa na kwa nini. Binafsi naona desturi ya Keffi ni bora, kwa heshima ya wale wenye mashati yaliyoloa jasho. Lakini hata ukifuata desturi yetu, hawa waliokuandikia hawakupi hata hicho.

Pili, wafadhili huuliza. Mtu wa shirika lenye pesa ataona "Dkt." kwenye barua yako, atataka kujua ni wapi, ataandika jina la chuo kwenye simu yake, na ndani ya dakika chache atafikia pale nilipofika mimi. Baada ya hapo hatasema udaktari wako ni wa bandia. Atajiuliza kama watoto unaosema umewafundisha wapo. Daftari zako za mahudhurio, ambazo ni ukweli mtupu, zitaanza kusomwa kwa shaka. Hilo ndilo linaloniuma. Wangekuuzia karatasi ambayo ingeichafua kazi isiyo na doa.

Unamkumbuka Siti binti Saad, tuliyemsoma shuleni? Alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, akaitwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akatembea navyo akiuza. Alipohamia mjini na watu wakamsikia anavyoimba, jina la Siti likamkaa, jina la bibi mwenye hadhi, na lile la utumwa likazikwa. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, zikachezwa pwani yote. Hakuna karatasi popote inayosema Mtumwa wa Fumba sasa ni Siti. Waliompa ni waliokaa wakamsikiliza, na hao hawakuwa na cha kufaidi kwa kumdanganya.

Na Nyerere. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi na shahada mwaka 1952, akafundisha Pugu mpaka mwaka 1955 siasa ilipomtoa darasani. Alitunukiwa digrii za heshima nyingi kuliko nafasi ya kuzitundika ukutani. Nchi ikaendelea kumwita Mwalimu, na yeye akaridhika na hilo hadi kufa.

Wewe wanakuita Mwalimu pale ufukweni, na hujawahi kukanyaga chuo cha ualimu. Nilikusikia ukiitwa hivyo na yule kijana wa boti ya uvuvi aliyejifunza kusoma kwako akiwa tayari ana ndevu. Alikuita kwa sauti, mbele ya nahodha wake, naye nahodha akakusogezea kiti. Waliokupa jina hilo ndio wenye haki ya kulitoa.

Sikukatazi kutamani kutambuliwa. Kazi yako ingetambuliwa ingekuwa vizuri, na kuna njia halali. Ofisi ya elimu ya watu wazima ya wilaya hupokea taarifa za madarasa kama lako. Peleka daftari za mahudhurio, na majina ya waliofaulu darasa la saba baada ya kupita kwako. Mwombe mtendaji wa kata aandike barua ya kuthibitisha, maana mwanawe mwenyewe alisoma kwako. Barua hiyo ya ukurasa mmoja, yenye muhuri wa kata, mfadhili ataiamini kuliko cheti chenye nembo ya dhahabu. Ukiniletea hizo karatasi nitazipanga vizuri na kuandika maombi pamoja nawe. Hiyo kazi naijua.

Na zile pesa ulizosema umeanza kuziweka kando kwa ajili ya sherehe, najua ni za kuuza pweza na samaki wa msimu huu. Taa ya jua ya darasa, uliyoniambia betri yake imekufa, nadhani inaingia humo na chenji inabaki.

Kuwajibu waliokualika, usijadiliane nao. Andika tu kwamba unashukuru kwa mwaliko na hutahudhuria. Wakipiga simu kukubembeleza kwa punguzo, na watapiga, kata. Wakikutishia kwamba jina lako limeshachapwa kwenye programu, niambie, nitakwenda mwenyewe kuuliza.

Mama umwambie nimeulizia hali ya mguu wake, na dawa aliyoagiza nimeipata, nitamkabidhi kondakta wa basi la Alhamisi asubuhi. Uwe stendi kabla ya adhuhuri.

Ndugu yako,
Bakari