Kabla bikoni za mipaka ya viwanja hazijapandwa, tuulize maji yatapita wapi

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie mashamba yanayokatwa viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Bunju na Kinyerezi. Ombi la kukata shamba viwanja likifika kwenye Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri, majirani hulalamikia zaidi vumbi, kelele na malori ya mchanga. Malalamiko hayo ni ya haki, ila vumbi hutulia. Kisichotulia ni maji, ya mvua na ya chooni, na hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Chukua shamba la ekari 5 lenye upana wa mita 100 na urefu wa mita 202, upande wa chini likiishia mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo zimeondoka mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu, na zimebaki 14,200. Ukionyeshwa mchoro wa viwanja 40 vya mita ishirini kwa ishirini, huhitaji kuwa mpimaji kuukagua: 40 mara 400 ni 16,000. Viwanja vimeizidi ardhi hata kabla barabara haijachorwa. Ama ukingo wa mto umemegwa, ama viwanja ni vidogo kuliko vinavyonadiwa.

Tuseme basi mchoro umerekebishwa, vimebaki viwanja 25. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Bati la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 50 ambayo masika huleta bila shida, hutiririsha lita 6,000. Nyumba 25 ni lita 150,000, sawa na maboza 15 ya lita elfu kumi kumi, na bado hujahesabu nyua zilizopigwa zege. Maji hayo zamani yaliingia ardhini chini ya mikorosho na miembe. Sasa yanashuka kwa pamoja, na yakikosa mtaro hugeuza barabara kuwa korongo. Vilima vyetu ni vya mchanga, havistahimili. Kwa hiyo mchoro uwe na kontua, yaani mistari inayoonyesha miinuko ya ardhi, uonyeshe mitaro na kalavati za kupitisha maji chini ya barabara, na uonyeshe mtaro wa mwisho unamwaga wapi. Ukiishia kwenye mpaka wa jirani, tatizo limehamishiwa kwake.

Huku kwingi hakuna bomba la majitaka, kila nyumba huchimba shimo lake. Familia ya watu sita wakitumia lita 80 kila mmoja humwaga lita 480 kwa siku. Nyumba 25 ni lita 12,000 kila siku ndani ya ardhi ileile. Penye mchanga juu na mfinyanzi chini, maji hugota kwenye mfinyanzi, hutambaa pembeni na kuibukia kwa aliye bondeni. Kipimo chake ni rahisi: chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande hadi kina ambacho shimo la kunyonyesha majitaka ardhini litafika, jaza maji, acha yalowe usiku kucha, jaza tena asubuhi, kisha hesabu dakika yanazochukua kushuka. Kifanyike masika. Kiangazi karibu kila udongo hunywa maji, na ndiyo maana anayeuza viwanja hupenda kupima Agosti. Visima vya majirani navyo vichorwe, maana shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka kisimani.

Barabara nayo ina hesabu yake. Ukipunguza upana wa barabara ya mita 200 kutoka mita 10 hadi 6, umepata mita za mraba 800, yaani viwanja viwili vya kuuza. Kishawishi kinaeleweka, lakini ndani ya mita hizo 6 ndimo mtaro, nguzo za umeme na bomba la maji vinatakiwa kukaa. Ikiwa barabara haina mahali pa kugeuzia mwishoni, gari la zimamoto na la kunyonya majitaka yatarudi kinyumenyume, kama yataingia kabisa. Tazameni pia eneo la wazi limewekwa wapi. Mara nyingi hutupwa korongoni pasipojengeka, halmashauri ikahesabu kwamba watoto wamepata kiwanja cha kuchezea.

Anayetaka kupinga asiandike tu "hatutaki". Aombe nakala ya mchoro, mkutano wa mtaa uujadili, muhtasari uambatane na majina ya waliohudhuria, na barua itaje kiwanja kwa kiwanja kinachotakiwa kubadilishwa. Picha za alama za maji ukutani baada ya mvua zina nguvu kuliko kurasa kumi za maneno. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Yote haya yafanyike mchoro ukiwa bado karatasi. Bikoni zikishapandwa na watu wakalipia, kila marekebisho yanamgusa mnunuzi asiye na kosa.

Hatupingi ujenzi, vijana wetu nao wanatafuta viwanja. Tunachowaomba madiwani ni kuurudisha kwa aliyeuchora kila mchoro usio na kontua, usio na mtaro wenye mwisho, na usioambatana na kipimo cha udongo kilichofanywa masika.

Wakazi wa Goba,
Dar es Salaam