Muvi ya Buck Jumamosi, muda umebadilika

Habari zenu wapendwa, Jumamosi tunaanza saa 10 jioni sio saa 12 tena maana umeme huku siku hizi unakatika usiku, ni kwangu palepale. Tunaangalia The Call of the Wild ya 2020, Harrison Ford yumo, imetoka kwenye kitabu cha Jack London cha 1903, mbwa Buck anaibiwa California anaishia Yukon kule Kanada kuvuta sleji kwenye theluji enzi za kukimbilia dhahabu. Mbwa katengenezwa na kompyuta ila yale macho jamani, yanaongea kabisa!

1. Mchango 3,000 ya bisi na soda, mwisho Alhamisi
2. Mwenye spika aje nayo, yangu inakwaruza

Watoto karibuni, ila mwanzoni Buck anapigwa rungu, muwaandae. Naombeni mnijibu leo, unakuja na watu wangapi?