Msikate saa ya kwanza ya filamu za mashujaa

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni ulichapa makala iliyodai kwamba filamu za mashujaa wengi ni kelele tupu, na kwamba mtazamaji anayetokwa na machozi mwishoni analizwa na muziki. Muziki una kazi yake, hatukatai. Lakini uchukue muziki huohuo uuweke juu ya vita ambavyo hakuna aliyetuandaa kuvipokea, uone kama watu hawatatafuna karanga huku wakichezea simu. Kinacholiza ni mpangilio wa matukio: nani tulimjua kabla ya nani, tuliahidiwa nini, kilicheleweshwa kwa muda gani, na mwisho kililipiwa bei gani. Na kwa kuwa katika baadhi ya kumbi za video za kartie (mitaa) zetu mpangilio huo ndio wa kwanza kukatwa, tunaomba nafasi tuueleze.

Tuanze na hesabu. Filamu ya dakika 150 yenye mashujaa 12, ukiwagawia sawa, kila mmoja anaambulia dakika 12 na nusu. Nani atampenda mtu kwa dakika 12, tena nusu yake akiwa amefunikwa uso anapigana? Mwandishi anayeijua kazi yake hagawi sawa. Anawachagua wawili au watatu wabebe swali la filamu, na waliobaki anampa kila mmoja haja moja iliyo wazi na mtu mmoja wa kubishana naye. Watu 12 wanatoa jozi 66 za kukutanisha. Anayetaka kuzionyesha zote haonyeshi hata moja.

The Avengers ya mwaka 2012, iliyoandikwa na kuongozwa na Joss Whedon, ina dakika 143 na ilianza na mtaji mkononi. Watu walikuwa wamemwona Iron Man tangu 2008, na Thor na Captain America tangu 2011. Sisi wa Lubumbashi tunauelewa mtaji huo: waliomfuata mchekeshaji Mufwankolo na kundi lake redioni na kwenye televisheni hawakuhitaji kuambiwa kila mara yeye ni nani, mchezo ulianza moja kwa moja. Mtaji wa namna hiyo unaokoa dakika za kutambulishana. Huzuni hauwezi kuinunua, hiyo inabidi itengenezwe ndani ya filamu yenyewe.

Whedon aliitengeneza kwa kumtumia Phil Coulson, ofisa asiye na nguvu yoyote ya ajabu. Angalieni anapofia. Hafi katika vita vikubwa vya New York; anafia kwenye meli ya angani, mashujaa wakiwa wametoka kugombana, Hulk na Thor wameanguka kutoka juu, adui Loki ametoroka. Kundi liko chini kabisa, na kifo hicho ndicho kinachogeuza hadithi. Kabla yake tulikuwa tumecheka: Coulson ana kadi za zamani za Captain America na anaona haya kumwomba azitie sahihi. Baadaye mkuu wake, Nick Fury, anazitupa kadi hizo mezani zikiwa na damu. Kisha tunakuja kujua kwamba kadi zilikuwa kabatini mwa marehemu, si mfukoni mwake. Fury ndiye aliyezipaka damu. Yaani hata ndani ya hadithi yumo mtu anayepanga mambo ili wenzake wahisi kitu.

Avengers: Infinity War ya 2018 ilikuwa na mzigo mzito zaidi: mashujaa zaidi ya 20, wametawanyika toka New York hadi sayari ya Titan, na dakika 149 tu za kuwazungukia. Waandishi Christopher Markus na Stephen McFeely walimkabidhi adui, Thanos, usukani. Thanos ndiye anayetaka kitu, ndiye anayesafiri, ndiye anayepoteza kipenzi chake njiani, ndiye anayefika. Mawe sita ya nguvu anayoyasaka ni ngazi sita, na la kwanza analo tayari filamu ikifunguliwa. Mtazamaji anahesabu kimoyomoyo bila kuombwa.

Hata hivyo, ngazi bila kingine zingebaki orodha tu. Kinachoshona vipande vyote ni swali moja linaloulizwa kila mahali kwa sura tofauti: je, uko tayari kumtoa mmoja unayempenda ili wengi wapone? Loki anatoa jiwe ili ndugu yake Thor asiuawe. Quill anafyatua bunduki kumuua mpenzi wake Gamora, binti wa kulea wa Thanos, kama alivyomwapia, lakini Thanos amekwisha kuigeuza risasi kuwa mapovu. Gamora anaitaja siri ya mahali jiwe lilipo ili dada yake Nebula aache kuteswa. Strange anatoa jiwe la muda ili Tony, yaani Iron Man, abaki hai. Mwisho ni Wanda, na Wanda anafanya kile wengine walichoshindwa: anamuua mpenzi wake Vision, mwenye jiwe kwenye paji la uso, kwa mkono wake mwenyewe. Thanos anarudisha muda nyuma, anamfufua, anamuua tena na kulichukua jiwe. Swali limeulizwa mara tano, na mara ya tano limejibiwa kwa gharama yote, bado halikusaidia kitu. Hapo ndipo ukumbi unanyamaza, dakika kadhaa kabla Thanos hajayatumia mawe na watu kuanza kugeuka vumbi. Na wanapogeuka vumbi, Bwana Mhariri, muziki karibu hausikiki. Kanuni ya vijana kwamba akteri (shujaa wa filamu) hafi inavunjwa kimya kimya. Mwandishi wa makala yenu ataeleza vipi hapo?

Sasa, ukumbi unaoanzisha filamu hiyo dakika ya 15 ili kuwahi kipindi kinachofuata umeondoa jibu la Loki, yaani mfano wa kwanza unaomfundisha mtazamaji swali lenyewe. Wanda akifika, mtu anaona mwanamke analia tu.

Endgame ya 2019, mwendelezo wake, ina dakika 181, na malalamiko tunayoyasikia ni yaleyale: saa ya kwanza ni maneno matupu. Hebu tuichambue hiyo saa. Thanos anakatwa kichwa mapema kabisa, katika dakika kama 20 za mwanzo. Hasira ya mtazamaji inakosa pa kwenda. Kisha maandishi yanasema miaka mitano imepita. Filamu ya kawaida ingetunza kisasi hadi mwisho; hii inakitumia mwanzoni, kikikwisha tunabaki na msiba mtupu. Halafu kuna ujanja uliojificha tangu filamu iliyotangulia: waliogeuka vumbi wengi ni mashujaa waliokuja baadaye, na wale sita wa 2012, Tony, Steve (Captain America), Thor, Bruce (Hulk), Natasha na Clint, wote wamesalimika. Kundi limepunguzwa kwa makusudi ili nafasi ya kuwa karibu nao ipatikane tena.

Katika saa hiyohiyo Tony anapewa mtoto, Morgan, na anaweka sharti: yuko tayari kuwarudisha waliopotea, lakini alichokipata katika miaka mitano hakiguswi. Ondoa sharti hilo, na kifo chake mwishoni kinakuwa ushujaa wa kawaida. Liache, na kila mtu ukumbini anajua nani atamkosa. Safari za kurudi nyuma kuyafuata mawe nazo zimechaguliwa hivyohivyo. Thor anakutana na mama yake siku ambayo mama huyo atakufa; Tony anaongea na baba yake mwaka 1970 bila baba kumjua; Steve anamtazama Peggy, mpenzi wake wa zamani, kupitia dirisha na hathubutu kuingia. Mawe ni kisingizio.

Kuhusu milango ya duara inayofunguka vitani, iliyopigiwa kelele dunia nzima, fuateni hatua zake. Wanapigana watatu tu, wanashindwa. Steve anainyanyua nyundo ya Thor, ambayo hainyanyuliwi na asiyestahili, jambo lililopandwa 2015 pale ilipotikisika kidogo mkononi mwake na Thor akaacha kutabasamu. Halafu ngao yake inavunjwa. Anasimama peke yake mbele ya jeshi zima. Inakuja sauti sikioni, mlango mmoja, watu watatu, kisha milango mingi, kisha neno la kuanza vita. Wangefika kabla ngao haijavunjika, ingekuwa msaada tu.

Si kwamba filamu hiyo haina dosari. Mashujaa wa kike wanapojipanga pamoja katikati ya vita, picha ni nzuri lakini haishiki, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kubadilishana hata neno moja kabla ya hapo. Natasha naye anakufa theluthi ya pili ikielekea mwisho, hadithi ikiwa mbioni. Anapewa mazungumzo mafupi kando ya ziwa, wakati Tony anapewa mazishi kamili. Tunaona alionewa, na aliyemwonea ni mahali alipowekwa katika mpangilio.

Anayetaka ushahidi mmoja usio na ubishi aweke Justice League mbili ubavuni mwa nyingine. Ya 2017 ina dakika 120. Ya Zack Snyder iliyotolewa 2021 ina dakika 242, imegawanywa sehemu sita na hitimisho. Adui ni yuleyule Steppenwolf, masanduku ya nguvu anayoyasaka ni yaleyale matatu, hata picha nyingi ni zilezile. Tofauti kubwa ni shujaa Victor Stone, yaani Cyborg. Katika ile ndefu tunamwona akicheza mpira wa Kimarekani, kiti cha baba yake uwanjani kiko kitupu; ajali inamuua mama, baba anamfufua mwana kwa sanduku bila kumuuliza. Baadaye baba huyo, Silas, anajifungia na sanduku na kulipasha joto kali ili liweze kufuatiliwa, anaungua mbele ya mwanawe. Katika ile fupi Silas hafi, na historia yao imepunguzwa hadi kubaki sentensi chache. Kwa hiyo vita vya mwisho vikifika, Victor wa 2021 anayekataa kurudishiwa familia ya uongo anakataa kitu tunachokijua. Wa 2017 anatenganisha masanduku basi, kazi imekwisha. Wala hatusemi urefu ni dawa: hiyo ya saa nne imejaa mwendo wa polepole usiobeba kitu, na dakika 30 zingetoka bila mtu kulia.

Kwa wenye kumbi, basi. Kama muda au mafuta ya grupu (jenereta) hayatoshi, gaweni filamu siku mbili kuliko kuikata. Infinity War isimamishwe mara jiwe linapochukuliwa, katikati ya kupigana hapana. Endgame isimamishwe wanapoondoka kwenda zamani: msiba umekamilika, matumaini ndiyo yanaanza, na mtu atarudi kesho. Kuipa mapumziko kabla tu ya milango kufunguka, kama inavyofanyika ili soda ziuzwe, ni kuua kitu kilichojengwa kwa zaidi ya saa mbili.

Na wafasiri wetu, ambao tunawaheshimu kwa kuwa bila wao wengi wasingefuata hadithi: kuna mahali ambapo tafsiri sahihi ni kunyamaza. Vumbi halihitaji maelezo. Kadi za Coulson zikitupwa mezani, semeni maneno ya Fury na muishie hapo. Msitangaze "huyu atakufa sasa hivi", maana mtazamaji aliyeonywa anangoja, hahisi. Msiingize mzaha baada ya kifo. Mzaha wenye faida ni ule uliokuwepo kabla yake, na kama mliuruka kwa kuuona mdogo, mmeruka nusu ya kifo chenyewe.

Vijana wanaoandika sinario (hadithi za filamu) hapa kwetu wanaweza kujaribu haya bila nguvu za ajabu wala fedha nyingi. Filamu fupi ya dakika 20 yenye watu watano ina jozi 10. Chagueni tatu, nyingine ziacheni. Chora jedwali kwenye ukurasa mmoja, majina upande wa kushoto, matukio juu, na katika kila kisanduku andika mtu huyo anataka nini wakati huo. Mtu mwenye visanduku vitatu vitupu mfululizo, ama mpe haja ama mtoe. Atakayekufa aonyeshwe anachokitaka mapema, kisha apewe angalau matukio mawili ya kushughulika na jambo jingine. Mkiyabana pamoja watu watanusa: yule anayetoa picha ya mchumba wake usiku wa kuamkia vita, ukumbi mzima unajua hafiki asubuhi. Kitu chake kimoja, kofia, redio, ufunguo, kionekane mara tatu: katika kicheko, katika ugomvi, na mikononi mwa mwingine. Baada ya kifo acheni nusu dakika bila mtu kusema. Mkifika kwenye montaji, yaani kuunganisha picha, mtashawishika kuikata hiyo nusu dakika kwanza. Kateni ngumi.

Nanyi gazetini, mkitangaza filamu ya wikendi, andikeni dakika zake kando ya saa ya kuanza: 143, 149, 181, 242. Msomaji aliyelipa kiingilio, akikuta jenerike ya mwisho, yaani majina ya waliotengeneza filamu, inapita baada ya saa moja na nusu, ajue cha kumdai mwenye ukumbi.

Ni sisi,
Waandishi wa sinario na wapenzi wa sinema,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi