Timu ya hoki ya 1971 na ya 1988: semeni kwanza uwanja

Mhariri,

Mjadala unaoendelea katika kurasa zako, kuhusu nani angeshinda lau timu yetu ya taifa ya hoki, ya Kenya, iliyokwenda Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971 ingekutanishwa na ile ya Olimpiki ya Seoul ya 1988, umenifurahisha, ila wengi wanatangaza matokeo bila kutaja mechi inachezewa uwanja gani.

Kikosi cha 1971 cha nahodha Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne mfululizo kuanzia 1960, kilikulia kwenye nyasi za kawaida, ambako mpira hudunda ovyo na anayeupokea hana budi kuutuliza kwanza. Kona fupi, adhabu wanayopewa washambuliaji mabeki wakifanya kosa karibu na goli lao, enzi hizo ilikuwa kazi ya watu watatu: mmoja aliusukuma mpira kutoka mstari wa goli, wa pili aliinama ukingoni mwa duara lililochorwa mbele ya goli akauzima kwa kiganja, na wa tatu akaupiga papo hapo. Kiganja kikichelewa kidogo tu, kona imepotea.

Wenzao wa 1988 walikuwa na nyasi bandia za City Park, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ambako Kenya ilitwaa dhahabu ya hoki. Kwenye zulia mpira huteleza moja kwa moja, na beki anayeungoja udunde hustuka umekwisha kumpita. Kwa hiyo mechi ikipigwa City Park, naipa ushindi timu ya 1988, tena kwa magoli mawili. Ikipigwa kwenye nyasi halisi, sidhani wangeuona mpira.

Hata hivyo, ubora ni swali jingine, na hapo sikubaliani kabisa na wanaosema vikosi hivyo vinalingana. Timu ya 1971 ilifungwa 1-0 na wenyeji Uhispania katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kisha India ikahitaji muda wa ziada kuishinda 2-1 katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu. Timu ya 1988 ilimaliza ya 12 kati ya timu 12. Kuitetea kunawezekana, kwa kuwa nyasi bandia ziliingia Olimpiki mwaka 1976, nasi tukasusia michezo hiyo na ile ya 1980, huku mataifa tajiri yakitandika mazulia na kuyazoea. Lakini utetezi huo unaeleza tu kwa nini tulishuka.

Na wale wanaotaka kuiingiza timu ya leo katika mjadala huu, watuambie kwanza kama watachezea robo nne za dakika 15 na kubadilisha wachezaji wapendavyo, na kama sheria ya kuotea, iliyofutwa miaka ya 1990, itarudishwa kwa siku hiyo moja. Washambuliaji wanaosimama mbele ya kipa mechi nzima wangepulizwa filimbi hadi mwamuzi achoke.

Mpenzi wa hoki,
Parklands, Nairobi