Barua ya kufunga muhula: bendera, ngonjera na kamba ya mlingoti

Wazazi na walezi, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za kazi.

Ijumaa hii tunafunga shule. Ripoti mtapewa na walimu wa madarasa, njooni wenyewe, maana ripoti akipewa mtoto hua inapotelea njiani hasa ikiwa hesabu haikukaa vizuri.

Sasa niwaambie ya bendera, najua wengine mmeshasikia nusunusu. Jumatatu moja mwezi wa kumi watoto wako mstarini, wimbo wa taifa wameimba wamemaliza, mimi nimesimama mbele kifua nje na sikuona kitu, mpaka mtoto wa darasa la pili akanyoosha kidole akasema mwalimu mbona kijani iko chini? Kweli bwana, kijani inatakiwa ikae juu upande wa mlingoti na bluu chini upande wa pili, skauti wetu alikua amefunga kamba kinyume. Tukaishusha tukapandisha upya, aibu yangu nikaimeza. Nikawauliza darasa la sita rangi zile maana yake nini, wakaitikia wote kwa pamoja kijani mimea, nyeusi watu, njano madini, bluu maji, safi kabisa, nikauliza haya bluu ilitoka wapi, kimya! Mmoja akasema imetoka hapa ziwani kwetu. Nilicheka lakini roho iliniuma, maana hawajui kwamba bendera ya Tanganyika ya 1961 haikua na bluu, ilikua kijani na nyeusi na njano tu, bluu ilikuja na Zanzibar tulipoungana 1964.

Ndo nikaamua lile shairi la bendera tunalokaririsha miaka yote tuliweke pembeni, watoto watunge wao. Nikawapa ngonjera, maana ngonjera ni kubishana na watoto wa huku kubishana hawafundishwi. Wazee wenzangu mnakumbuka enzi zile ngonjera kila sherehe, marehemu Mathias Mnyampala wa kule Dodoma ndo aliyezivalia njuga, siku hizi zimebaki kusomwa mgeni rasmi akija tena kwa sauti ile moja ya kuvuta. Hawa wetu wamegombana wiki tatu nani awe rangi gani. Kijani akaanza:

Mimi kijani nasema, shambani nimetandaa,
Mahindi yakisimama, ni mimi nimeyavaa.

Bluu akamjibu papo hapo:

Kijani wacha kuvuma, pasi maji utakaa?
Ziwani ninapohema, dagaa wanashangaa.

Hao dagaa kushangaa mimi sijawasaidia, ni vichwa vyao. Aliyekua nyeusi alikaa kimya mpaka mwisho alafu akawaambia nyie wote mnagombana mbona anayelima na anayevua ni mimi, na hapo hata vina hakuweka ila nimemwachia hivohivo.

Watawasomea ijumaa saa nne, naomba wababa nao waje, sio kila siku wamama tu.

Likizo inaangukia 9 Desemba, siku ya Uhuru. Wasimulieni usiku ule wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alivyopandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro, baridi ile, wakati Dar es Salaam bendera ya Mwingereza inashushwa. Ukimsimulia mtoto usiku kabla ya kulala inakaa kuliko mimi nikiandika ubaoni.

Na lingine naomba nisikasirikiwe. Pale kituo cha polisi saa kumi na mbili asubuhi na jioni bendera ikipanda au ikishuka filimbi inapigwa na watu wanasimama. Watoto wetu wanasimama, alafu mzazi anapita na bodaboda mbio huku anapiga honi, mtoto ananiuliza mwalimu yule baba hajasoma? Nimjibu nini mimi.

Mwisho, bendera yetu upepo wa ziwa umeila ncha yote, kamati imekubali tununue mpya kabla hatujafungua Januari. Tutanunua, tafadhali fundi cherehani asijitolee kushona, mwaka ule tulishonewa ile mistari ya njano ikasahaulika. Ila kamba ya mlingoti nayo imekwisha, wavuvi mwenye kamba nzuri ya mtumbwi isiyooza na maji aje nayo ijumaa hiyohiyo, urefu mita kumi na tano zitatosha.

Mwalimu Mkuu