Beringi mpya za turbo zipimwe pia kwa oili ya Kitonga

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu beringi za turbo zinazopunguza msuguano. Niliisoma asubuhi, nikairudia mchana gerejini nikiwa nimekalia tairi. Nimefurahi sana. Miaka 14 nafungua turbo za malori hapa Ipogolo, Iringa, na sikutegemea kuona gazeti linakipa ukurasa kile kipande kidogo kinacholisha nyumba yangu. Ila kuna upande mmoja makala haikuugusa, nao ndio ninaoushika kwa mikono kila siku.

Wasomaji wengi wanaijua turbo kwa mluzi wake. Ndani yake kuna shafti fupi, isiyozidi shubiri moja. Ncha moja ina feni inayosukumwa na moshi wa ekzosi, ncha ya pili ina feni inayoshindilia hewa kwenye injini. Injini ya lori ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, shafti hiyo inaweza kupita 100,000. Kwenye gari dogo hupita 200,000. Kwa mwendo huo chuma hakiwezi kusuguana na chuma kikabaki salama. Ndiyo maana shafti hupita katikati ya bushi mbili za shaba, yaani pete ambazo ndizo beringi zake, na bushi zenyewe hazikukazwa popote: zinaelea, oili ndani na oili nje, nazo huzunguka taratibu kuliko shafti. Nafasi inayoachwa ni nyembamba kuliko unywele. Pembeni kuna kisahani kinachoizuia shafti isisogee mbele na nyuma, nacho huishi kwa oili hiyohiyo.

Msuguano unaozungumzwa, basi, unatoka kwenye oili yenyewe. Anayetaka kuuona aje hapa mwezi wa Julai saa 12 asubuhi, lori lilipolala nje. Oili imeganda kama uji wa jana, na shafti inapoanza kuzunguka inaukoroga uji huo. Moshi bado ni mchache, nguvu inaliwa na oili, dereva anakanyaga mafuta na lori linamjibu kwa kuchelewa. Hapo ndipo beringi za gololi, zile zinazowekwa badala ya bushi, zinapofanya kazi ya kweli. Gololi inabingirika kwenye njia yake, na kwa kuwa imepangwa kwa mshazari inabeba pia ule msukumo wa mbele na nyuma, kisahani hakihitajiki. Zile bora zina gololi za kauri, nitraidi ya silikoni, ambayo uzito wake haufiki nusu ya uzito wa chuma, kwa hiyo hazikandamizi sana ukuta wa nje zinapozunguka kwa kasi. Nimewahi kuishika turbo ya namna hiyo, iliyotoka kwenye gari dogo. Ukiipuliza feni kwa mdomo inazunguka, inaendelea, unabaki unaitazama. Yenye bushi ukiipuliza inageuka kidogo na kusimama.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Nina kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, limejaa bushi zilizokufa. Sikuzitupa kwa sababu kila moja inaeleza ilivyokufa. Zipo zenye mikwaruzo ya kuzunguka kama sahani ya santuri: hizo zimekula uchafu, oili ilipitiliza kilomita zake au filta haikubadilishwa. Zipo zilizogeuka rangi ya bluu na zambarau: hizo zilikosa oili kabisa. Na zipo, tena nyingi kuliko zote, zenye ukoko mweusi mgumu kama masizi ya sufuria ya kuni. Hizo ni za Kitonga.

Anayeijua barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma anaujua mlima huo. Lori lenye mzigo linapanda kwa gia nzito, injini inalia, nyumba ya turbo upande wa moshi inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Likifika juu dereva anasimama pembeni ili apumue, na anazima papo hapo. Pampu ya oili inasimama, lakini joto bado limo kwenye chuma na linatambaa kuelekea kwenye bushi. Oili iliyobaki haina pa kwenda, inaungua ilipo. Nimewaomba madereva waache injini silensa, yaani inguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, dakika tatu ndipo wazime. Mmoja aliniambia, "Fundi, hiyo dizeli ya tajiri nitaisemaje?" Siwezi kumlaumu, maana anapimwa kwa lita.

Beringi ya gololi nayo haiwezi kuukwepa ukoko huo. Tena ina hatari yake: haitaki oili nyingi, ndiyo maana nyingi hupewa oili kupitia tundu la takriban milimita moja tu. Tundu hilo najua linavyoziba, kwa sababu kosa la namna hiyo nimelifanya mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilipaka gundi ya gasketi kwenye bomba la oili la turbo niliyoifunga upya. Siku mbili baadaye lori lilirudi likivutwa. Nilipofungua nilikuta kipande cha gundi, chembamba kama ukucha wa mtoto, kimekaa mdomoni mwa bomba. Bomba lile lilikuwa pana kuliko tundu la milimita moja, na bado lilizibika. Nililipa shafti na feni kwa awamu miezi mitano, na tangu siku hiyo gundi haigusi bomba la oili gerejini kwangu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanajaribu beringi za hewa zisizotumia oili kabisa, kama zilizomo kwenye mitambo ya viyoyozi vya ndege kwa miaka mingi. Zikifika kwenye malori na kudumu, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Kwa sasa lori linaloingia getini kwangu lina bushi, na hizo za gololi zikija zitakuja kama katriji nzima, yaani kiini cha turbo ambacho shafti na beringi zimefungwa pamoja. Bushi ikifa nanunua bushi. Gololi moja ikipasuka unanunua katriji nzima, kama inauzwa peke yake. Isipouzwa, unanunua turbo. Mwenye lori moja la mkopo hesabu hiyo inamlaza macho.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wanaobuni. Wakipima beringi zao, wasipime kwa oili mpya peke yake; wazipandishe mlima, wazime injini ikiwa ya moto, warudie hivyo mara mia, kwa oili ambayo sevisi yake imepita. Na katriji iuzwe peke yake, pamoja na vipimo vyake, ili fundi wa Ipogolo aweze kuibadilisha.

La tatu ni kwa walimu na wanafunzi wa uhandisi mitambo wa vyuo vyetu. Kopo langu lipo. Bushi nyingi nimeziandikia kwa rangi mwezi, mwaka na aina ya lori. Mimi nina maikromita na macho. Ninyi mna darubini na maabara. Njooni mzichukue mkazipime, sitaki malipo. Nitaomba tu mnirudishie majibu, na kopo.

Fundi wa turbo,
Ipogolo, Iringa